UA LA MWAMBANI NA MAKAO YAKE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa penye miti hapana wajenzi. Sisi wa pande hizi za Kaloleni na Chonyi tunalo ua ambalo watu wa Ulaya na Marekani hulinunua dukani, wakalitia chunguni, wakaliweka dirishani na kulitunza kama mboni ya jicho. Hapa kwetu lamea bure juu ya majabali. Wengi wetu tumelipita miaka nenda miaka rudi tukienda kuchota maji au kutafuta kuni, na hata shingo hatukugeuza. Mimi pia nilikuwa mmoja wao. Tena nilifanya jambo baya zaidi ya kulipita, nalo nitalieleza baadaye, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Msomaji mpendwa, katika makala haya nataka kukueleza ua hili ni lipi, lilipataje jina, linaishije juu ya jiwe pasipo shamba wala mbolea, na kwa nini nahofia kwamba wadogo wetu hawataliona. Tafadhali fuatana nami.

UA LENYEWE

Mmea wenyewe ni mdogo, haupiti sana upana wa sahani ya wali. Hauna shina la mti wala hautoi kuni. Hata hivyo haufi msimu ukiisha kama zifavyo kunde na mahindi. Huishi miaka mingi. Wakati wa kiangazi majani hulegea na kusinyaa hata udhani umekufa, na mvua za masika zikianza huinuka tena kama mgonjwa aliyepata nafuu.

Majani yake hutoka mahali pamoja katikati, yakajipanga mviringo, kila jani na kikonyo chake. Ni manene kiasi na yana nywele laini. Ukiyapapasa utadhani umeshika mahameli. Maua husimama katikati ya majani juu ya vijiti vyembamba, na rangi yake ni buluu inayoelekea urujuani. Kila ua lina petali tano, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini. Katikati kuna vifuko viwili vya manjano, vimeshikana kama mapacha. Humo ndimo mna chavua.

Kuna jambo hapa lililonistaajabisha sana. Ua hili halimpi nyuki asali hata tone. Nyuki hufuata chavua tu, na hiyo chavua nayo imefungiwa ndani ya vile vifuko, ina matundu madogo tu ya kutokea. Basi nyuki hukishika kifuko, akautetemesha mwili wake kwa nguvu huku akivuma, mpaka chavua imwagike juu yake kama unga kwenye chekecheke. Nyuki asiyejua kuvuma hivyo haambulii kitu.

Isitoshe, ua lina kijiti chembamba ambacho ni sehemu yake ya kike. Kijiti hiki hakikusimama wima. Katika maua mengine kimepinda kulia, na katika mengine kimepinda kushoto. Nyuki akipakwa chavua ubavu mmoja kwenye ua la kulia, atakapotua kwenye ua la kushoto ubavu ule ule ndio unaogusana na kijiti. Kwa njia hii maua husaidiana. Mbegu zikishakomaa ni ndogo kama vumbi, na upepo au maji yanayochuruzika yaweza kuzipeleka kwenye ufa wa jirani.

JINA LAKE LILITOKA WAPI

Nilipomwuliza Hawe, yaani nyanya yangu, jina la ua hili, alinitazama kwa mshangao. "Mjukuu wangu, hilo ni ua la mwambani tu. Nani alikuwa na nafasi ya kulipa jina?"

Waingereza waliipata nafasi hiyo. Wao huliita urujuani wa Afrika, ingawa si urujuani hata kidogo. Urujuani wa Ulaya ni wa jamii nyingine kabisa. Hili letu ni la jamii ya Gesneriaceae, na kufanana kwao ni kwa rangi tu, mithili ya watu wawili waliovaa sare ya shule moja lakini hawana udugu.

Wanachama wenzangu wa Kiswahili watafurahi kujua kwamba historia ya ua hili inaigusa lugha yetu. Mwaka 1884 Sir John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza kule Unguja, alipeleka sampuli ya mmea wa aina hii katika bustani ya Kew, London. Mwaka 1887 padre W. E. Taylor naye akapeleka yake. Padre huyu ndiye yule mmishenari wa Mombasa aliyekusanya methali za Waswahili na kuzitoa kitabuni mwaka 1891. Kumbe aliyekuwa akiokota methali vinywani mwa wazee alikuwa pia akiokota mimea! Lakini sampuli hizo mbili hazikuwa nzuri vya kutosha wataalamu kuandika maelezo kamili.

Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akitawala wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona mmea huu, akampelekea babake huko Ujerumani. Baba akamwonyesha Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni ukoo wa wale waliouleta, na ya pili yatokana na Kigiriki, maana yake ni ua linalofanana na urujuani. Baadaye, mwaka 1926, mbegu zilinunuliwa kutoka Ujerumani na Uingereza zikapelekwa Los Angeles, Marekani, na huko wakulima wakazalisha aina nyingi nyingi. Kufikia mwaka 1946 Wamarekani waliunda hata chama cha wapenzi wa ua hili. Ati chama! Na sisi wenye ua hatuna hata kibao cha kuonyesha lilipo.

Ndugu wengi wa mmea huu wako Tanzania, katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru. Hapa Kenya tunao wa aina mbili. Mmoja unapatikana katika msitu wa Mbololo kwenye vilima vya Taita, na haumei kwa asili mahali pengine popote duniani. Wa pili ni huu wetu wa majabali ya chokaa ya Kilifi. Mwaka 1964 mtaalamu B. L. Burtt aliuita rupicola, neno la Kilatini lenye maana ya mkaaji wa mwambani. Kwa hivyo Hawe na mtaalamu waliliita ua kwa jina lile lile, tofauti ni kwamba mmoja hakwenda chuo kikuu. Tangu hapo wataalamu wengine wameuhesabu kuwa tawi la ile ionantha ya Tanga. Mwaka 2015 wanasayansi waliochunguza vinasaba wakalihamisha kundi zima katika jenasi ya Streptocarpus. Jina la kitabuni limebadilika, lakini ua liko pale pale.

MAKAO YAKE

Sasa tuje kwenye kiini cha makala. Huu mmea huishije juu ya jiwe?

Kwanza tulijue jiwe. Majabali haya si matumbawe kama yale ya ufuoni. Ni mawe ya chokaa ya kale sana, yaliyojikusanya chini ya bahari enzi za Jurassic, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Wanajiolojia huyaita mawe ya chokaa ya Kambe. Tumefundishwa katika kemia kwamba maji ya mvua yakichanganyika na kaboni dioksaidi huwa asidi hafifu, na asidi hiyo huyeyusha chokaa kidogo kidogo. Ndiyo sababu majabali yetu yana nyufa, mapango, matundu na ncha kali kama meno ya msumeno. Kwa mtu anayetaka kulima, hayo ni balaa. Kwa ua letu, hizo ndizo nyumba.

Nimelichunguza ua hili kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na nimeona kwamba lahitaji mambo manne, yote kwa pamoja.

La kwanza ni kivuli. Halivumilii jua kali la saa sita. Humea chini ya miti mikubwa, na zaidi upande wa jabali usiopigwa na jua. Miti ya jamii ya mkuyu hupitisha mizizi yake katika nyufa za mwamba na kutandaza matawi juu, ikawa kama paa.

La pili ni unyevu usiotuama. Mwamba hunyonya maji ya mvua na kuyatoa polepole, na kuvumwani hushika umande wa asubuhi. Lakini kwa vile jabali limesimama wima, maji hayakai. Mizizi ya ua hili ikikaa majini huoza.

La tatu ni udongo kiasi tu. Majani ya miti huanguka katika nyufa, yakaoza na kuwa udongo mweusi, pengine usiojaza kiganja cha mkono. Hicho ndicho chakula chake.

La nne ni amani. Nyasi na magugu yenye nguvu hayawezi kushikilia ukuta wa jiwe. Kwa hivyo ua hili dhaifu limejitafutia mahali ambapo wenye nguvu hawapataki, mnyonge akapata kwake.

Ukiondoa moja kati ya hayo manne, matatu yaliyobaki hayafai kitu. Hili nililithibitisha kwa macho yangu. Karibu na kwetu kuna majabali mawili yasiyopishana kwa mwendo wa dakika kumi. Jiwe ni lile lile na mvua ni ile ile. Moja limo ndani ya kaya, yaani msitu mtakatifu wa wazee wetu, nalo lingali na miti yake yote. Jingine liko nje, na miti yake ilikatwa kwa ajili ya makaa. Kwenye jabali la kaya, katika hatua kumi tu, nilihesabu mimea 63. Kwenye jabali la nje nilizunguka kote nikapata minne, imejificha katika ufa mmoja kama watoto wanaoogopa kuchapwa.

Nilimwuliza mzee wa kaya aliyeniruhusu kuingia ni kwa nini hapo pamesalia maua mengi hivyo. Akajibu, "Sisi hatukulinda maua, kijana. Tulilinda kaya. Aliyeambiwa asikate hakukata, asitoe kitu hakutoa." Kaya kadhaa za Wamijikenda zilianza kutangazwa kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 zikaingizwa katika orodha ya turathi za dunia. Ama kweli mwiko wa wazee ulifanya kazi ya mlinzi kabla mlinzi hajaajiriwa.

KOSA LANGU

Niliahidi kueleza kosa langu. Nikiwa Kidato cha Kwanza, nilimwona mama mmoja auzaye miche ya maua kando ya barabara ya kwenda Mombasa. Nikamweleza kuhusu ua la mwambani. Akasema nimletee, kila mmoja atanipa shilingi hamsini. Jumamosi ile nilipanda jabali la nje, lile lisilo na miko ya kaya, nikang'oa mimea kumi na miwili pamoja na udongo wake mdogo. Nilipata shilingi mia sita. Nilinunua kitabu cha mazoezi ya hisabati, soksi na chapati. Sikuona ubaya wowote, maana ua la Mungu halina mwenyewe, ama ndivyo nilivyofikiri.

Baada ya wiki mbili nilipita pale kwa yule mama. Miche yote ilikuwa imekauka. Aliiweka juani pamoja na miche mingine, akaimwagilia kila siku asubuhi na jioni. Iliyokosa kuungua ilioza. "Maua yako ni mabovu," akaniambia, na hakutaka mengine.

Hapo ndipo ningeweza kusahau. Lakini mwaka uliofuata nilirudi kwenye lile jabali, nikaona matundu yangu kumi na mawili bado yako wazi. Mvua ilikuwa imekomba ule udongo mweusi na kubakisha jiwe jeupe. Hata ukoka haukuota. Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Vitu vilivyochukua miaka kujikusanya nilikuwa nimevimaliza kwa asubuhi moja, na malipo yake yalikuwa chapati na soksi ambazo sasa zina matobo.

KAKA YANGU NA TIMBO

Kama tatizo lingekuwa mimi peke yangu, lingekwisha siku ile. Lakini liko jambo zito zaidi.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi katika timbo la mawe. Jiwe la chokaa lina soko. Hupasuliwa likawa kokoto za ujenzi, huchomwa likawa chokaa, na viwanda hulisaga na kulichoma pamoja na udongo wa mfinyanzi kutengeneza saruji. Kaka na wenzake hawana mashine. Hutumia nyundo, mtaimbo na moto. Jioni hurudi nyumbani mweupe kutwa nzima ya vumbi, nyusi na kope, utadhani ametumbukia katika gunia la unga. Pesa hizo ndizo zinazonilipia karo. Naandika makala haya kwa kalamu iliyonunuliwa na jiwe.

Mwaka jana mwezi wa Machi, tukiwa tunakula, kaka alisema, "Yale maua yako yako pia upande wetu. Jabali la nyuma, penye mkuyu. Wiki ijayo tunaanza kulivunja."

"Kaka, si mngevunja jingine?"

Akaniangalia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mdogo wangu, ua halilipi karo. Wewe ukirudishwa nyumbani, nani atakuja kunilaumu, ni ua?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo naona alisema kweli. Wale wanaokuja kutuambia tuhifadhi mazingira huwa wamekwisha kula chakula cha mchana. Kaka akiacha nyundo, mwenye jembe ni mvua, na mvua haiaminiki. Lakini pia nilijua jambo ambalo kaka hakulijua wakati ule. Mtu akikata mti aweza kupanda mwingine. Shamba lililochoka likipumzishwa hupona. Jabali likivunjwa halioti tena. Hakuna kitalu cha majabali popote duniani.

MAJANI KATIKA MIKEBE

Nilimweleza mwalimu wetu wa bayolojia. Mwalimu alinifundisha kwamba mmea huu una kipawa cha ajabu. Jani moja tu likikatwa na kikonyo chake, likachomekwa katika udongo laini wenye unyevu, laweza kutoa mizizi na hatimaye miche. Kaka alinisaidia kumwomba mwenye shamba ruhusa. Tulikwenda naye Jumapili, akanishikia ngazi. Nilichukua majani 24 kutoka kwa mimea sita, nikayafunga katika gazeti lenye maji.

Tuliyachomeka katika mikebe ya rangi iliyotobolewa chini, tukaipanga nyuma ya maabara pasipofika jua. Majani tisa yalioza kwa sababu tuliyamwagilia mno. Tulikuwa tukiyapenda kupita kiasi, kama yule mama wa barabarani. Kumi na matano yalitoa mizizi, na baada ya miezi mitatu vijani vidogo kama masikio ya panya vikachomoza udongoni. Manne yalikauka likizo ya Desemba, maana hii ni shule ya kutwa na likizo hakuna wa kushika kopo la maji. Kumi na moja yako hai hadi leo. Matano yamechanua. Ukitaka kuyaona, karibu nyuma ya maabara, lakini usiguse!

Wakati yalipochanua, wenzangu walinipigia makofi. "Umeokoa ua!" wakasema. Nilifurahi, sikatai. Lakini mwalimu akaniuliza maswali mawili yaliyonikata maini.

Swali la kwanza: majani 24 yalitoka kwa mimea mingapi? Nikajibu sita. Akasema basi, mche unaotokana na jani ni nakala ya mama yake, hauongezi kitu kipya. Kwenye jabali kulikuwa na mimea mingi, kila mmoja na urithi wake, mwingine huenda ulivumilia kiangazi zaidi, mwingine maradhi. Mikebeni tuna nakala za mimea isiyozidi sita.

Swali la pili: je, kuna ua lililofunga mbegu? Nikaenda kutazama. Hakuna hata moja. Huku nyuma ya maabara hatujamwona hata mara moja nyuki anayejua kuvuma katika vile vifuko. Nyuki naye ana makao yake, na makao hayo ni msitu. Mikebe yetu ina ua, lakini haina mkuyu, haina kuvumwani, haina nyuki, haina ufa wa kupokea mbegu. Ni kama kumweka Hawe katika chumba cha mjini, umpe chakula na maji. Ataishi, lakini si kwake.

TUFANYEJE?

Sitaki kumaliza kwa kusema ati serikali ifanye hili na lile, kisha nikaweka kalamu chini. Nitasema yale ambayo tunaweza kuyafanya sisi wenyewe.

Kwanza, tusiing'oe mimea hii, hata kwa kupamba nyumbani. Ukilipenda ua, omba jani moja kutoka mikebe ya shule. Kwa sababu hiyo hiyo sikutaja majina ya majabali wala njia ya kuyafikia. Wako wakusanyaji wa mimea ambao hupenda kuwa na kitu adimu, na mimea iliyosalia haitoshi kuwagawia.

Pili, tusikate miti iliyo juu ya majabali. Watu wengi hudhani kwamba adui wa ua hili ni nyundo peke yake. Jabali langu la nje halikuguswa na nyundo hata siku moja, na bado limebaki na mimea minne. Lililouawa ni kivuli. Gunia moja la makaa kutoka juu ya mwamba ni hasara kubwa kuliko linavyoonekana.

Tatu, tuzungumze na wapasua mawe kama ndugu, maana ndio ndugu zetu. Nilimchukua kaka siku moja hadi jabali la kaya, kwa idhini ya mzee. Alikuwa hajawahi kuliona likiwa limechanua lote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe huwa hivi." Baadaye alizungumza na wenzake. Jabali lenye mkuyu lilikuwa limeanza kuvunjwa upande mmoja, upande wa jua, ambako maua hayamei. Wamekubaliana kwa mwaka huu waendelee na upande huo na kwenye mawe yaliyo wazi, na upande wa mkuyu wauache. Si mkataba wa maandishi. Bei ya kokoto ikipanda, au mtu akiuguliwa na mtoto, neno hilo laweza kuvunjika kama jiwe lenyewe. Lakini ni neno, na hapo awali halikuwapo.

Nne, Chama chetu cha Kiswahili kinaweza kulipa ua hili jina. Napendekeza liitwe "urujuani wa mwambani", au libaki "ua la mwambani" kama alivyosema Hawe. Walimu na wasomaji watoe maoni yao. Kitu kisicho na jina hakilindwi, kwa kuwa hakuna awezaye kusema kimepotea.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye matundu yangu kumi na mawili. Katika moja, majani ya mkuyu yaliyopeperushwa kutoka mbali yalikuwa yameanza kujikusanya, na chini yake nilikuta udongo mweusi, labda wa kujaza kijiko cha chai. Hakuna mche ulioota. Nilichukua majani makavu mengine nikayajaza katika matundu yote, nikayabana na vijiwe ili upepo usiyachukue, kisha nikapanda mbegu ya mkuyu chini ya jabali upande wa jua linakotokea. Mkuyu huo utatoa kivuli cha maana mimi nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Kaka alinicheka aliposikia. Halafu akauliza, "Unaumwagilia lini?" Nikamwambia kila Jumamosi. Akasema Jumamosi nikiwa na mtihani, nimwambie yeye.